Asiyeimba, Mkimbilieni

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko gereji, mliokaa kwenye kiti cha kinyozi na wembe uko shingoni, karibuni. Hii ni saa yetu ya kuwakumbuka waliotutangulia. Leo nina mtu mmoja tu wa kumzungumzia, na nawaambia mapema kwamba kisa chake kina damu. Kama una mtoto karibu na redio, usimfukuze. Mwache akae. Marehemu angetaka hivyo.

Alikuwa mwalimu wa chekechea. Watoto walimwita Mwalimu Kufakufa. Walimpa jina hilo wenyewe, naye akalipenda kuliko lile alilopewa na wazazi, kwa hiyo nasi leo tutamwita hivyohivyo. Mwalimu Kufakufa aliwafundisha watoto wadogo opera. Hujasikia vibaya. Watoto wanaovaa viatu mguu si wake, watoto ambao kamasi bado zinawasumbua, aliwafundisha opera.

Kwa asiyejua, opera ni mchezo wa kuigiza ambao watu hawasemi, wanaimba. Mtu anaomba chumvi kwa kuimba. Anachumbia kwa kuimba. Akichomwa kisu haanguki, anaimba kwanza, na anaimba weee, mpaka aliyemchoma anachoka kusimama. Mimi mwenyewe nilikuwa naona ni mambo ya watu walioshiba wakakosa kazi. Mwalimu Kufakufa alinitoa ushamba.

Alifariki wiki iliyopita. Alipigwa nondo kichwani, juu ya jukwaa la shule, mbele ya ukumbi uliojaa wazazi. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Mwalimu Kufakufa alipigwa nondo kichwani mbele ya wazazi. Na wazazi walipiga makofi.

Nitawaeleza kwa nini walipiga makofi. Lakini lazima tuanzie mbali kidogo, maana habari hii ilianza na redio.

Juzi nilikwenda kwa mdogo wake marehemu. Ni mwanamke mshonaji. Anakaa chumba kimoja chenye cherehani mlangoni, na nilipofika, joho jekundu la mchezo ambao ungefuata lilikuwa bado limelala chini ya sindano, upindo haujamalizika. Hajaweza kulitoa pale.

Aliniambia wamezaliwa wawili tu, yeye na dada yake. Baba yao alikuwa karani, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni, anayemsalimia kila jirani na kuuliza hali ya watoto. Nyumbani palikuwa na redio kubwa juu ya kabati. Siku ya mapumziko, mchana, kituo kimoja kilikuwa kinapiga opera. Yule baba hakuipenda opera wala hakuielewa. Aliipenda kwa jambo moja tu, kwamba ina kelele. Akitaka kumpiga mkewe, redio ilifunguliwa kwanza.

"Tulijua kipigo kitakuwa cha namna gani kwa jinsi redio ilivyoongezwa," mdogo wake aliniambia. "Na aliyekuwa anatumwa kuiongeza ni dada, mimi nilikuwa sifiki juu ya kabati. Baba anamwambia kwa upole kabisa: mwanangu, hebu ongeza redio, halafu funga dirisha."

Wasikilizaji wapendwa, hilo lishikeni. Mtoto wa kike alikuwa anatumwa kuongeza redio na kufunga dirisha. Halafu anakaa sebuleni na mdogo wake mapajani. Redioni mwanamke anachomwa kisu na anaimba. Chumbani mwanamke anapigwa na hatoi sauti.

Mchana mmoja kichwa cha mama yao kilibamizwa kwenye ukingo wa sinki. Kilibamizwa, hakikujigonga. Mshonaji alilirudia neno hilo mbele yangu, nami nalirudia. Baba alisema mkewe ameteleza, na mtu wa shati jeupe nani atambishia? Msibani jirani mmoja alisema kwamba siku ile alisikia mwanamke akilia kwa muda mrefu, akadhani ni redio. Ilikuwa redio kweli. Mama yao hakulia.

Sasa mtu atauliza: mtoto aliyetoka kwenye nyumba ile aliwezaje kuipenda opera? Nilimuuliza mwenyewe. Aliwahi kuja hapa studio kuzungumzia watoto wake wa chekechea, na kabla hata hajakaa aliniuliza kitufe cha sauti kiko wapi. Nikamwonyesha. Akakitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata. Halafu akanijibu swali langu. Alisema:

"Yule mama wa redioni alikuwa akichomwa, anasema. Anaimba jina la aliyemchoma, anaimba na mahali panapouma. Nikaona kila mtoto ajifunze kuwa kama yule. Asife kimya."

Basi akawa mwalimu wa chekechea. Opera aliianza siku watoto wawili walipogombania kiti, mmoja akamtandika mwenzake kibao. Badala ya kukaripia, mwalimu aliimba kwa sauti nyembamba ya juu: nani kamchapa mwenzake, naniii? Darasa likaganda. Mchapaji akajibu kwa sauti nzito ya kuigiza kwamba si yeye. Aliyechapwa naye akaimba, huku machozi yanamtoka, kwamba ni yeye, ni yeye, na alimchapa hapa, kwenye sikio. Darasa zima likaitikia: kwenye sikio, kwenye sikio! Mpaka kengele inalia walikuwa na opera nzima, yenye shtaka, kesi, hukumu, na msamaha uliotolewa kwa kishindo cha ndoo ya maji iliyogeuzwa ngoma.

Tangu hapo darasani kwake kila kitu kiliimbwa. Mahudhurio yaliimbwa. Ruhusa ya kwenda chooni iliombwa kwa wimbo, na wenye haraka waliimba mbiombio. Lakini kilichompa jina ni kufa. Alipenda hadithi za kuuana. Malkia analishwa sumu, jitu linatumbuliwa tumbo, askari anakatwa kichwa na kichwa kinaendelea kuimba peke yake ndani ya kapu. Watoto walikuwa wanapigana kugombania nani afe. Nyumbani wazazi walipata taabu. Mama mmoja aliunguza chakula kwa sababu mwanawe alikuwa anakufa mlangoni mwa jiko, hataki kurukwa, na wimbo bado. Bibi mmoja aliita majirani na mganga wa zahanati, wakamkuta mjukuu kajilaza, anashusha pumzi ya mwisho kwa mara ya tatu.

Mwalimu mkuu akamwita ofisini. Akamuuliza kwa nini asiwafundishe nyimbo za nyuki na maua kama walimu wengine. Mwalimu Kufakufa akamjibu kwamba watoto wengi wanajua kofi kabla hawajamjua nyuki. 

Michezo yake ilikuwa na sheria, nazo naomba mzisikilize vizuri kwa sababu tutazihitaji. Anayepigwa haanguki mpaka amalize wimbo wake. Anayepiga hasogei mpaka wimbo uishe, lazima asimame pale na asikie kila neno. Watoto walilishika hilo kuliko sala. Halafu kulikuwa na jambo la mwisho, ambalo halikuwa la kuchekesha. Aliwaambia: katika opera mtu hufa akiimba. Mkimwona mtu kaanguka na hakuimba, huo si mchezo tena. Asiyeimba, mkimbilieni.

Na hili walilifanyia mazoezi. Anaweza kuwa anafundisha rangi, ghafla anaanguka chini, puu, kimya. Darasa linatimka. Wengine wanamshika kichwa, wengine wanakimbilia mlangoni kupiga kelele ya kuita mtu mzima, wengine wanamzuia mbaya wake, hata kama mbaya mwenyewe ni kiti. Halafu anafumbua jicho moja na kusema ni nani aliyemkanyaga nywele.

Katika darasa hilo akaingia mtoto mmoja wa kike, mdogo kwa umbo, asiyeongea. Wenzake walimwita Nukta. Hakuimba mahudhurio, alinyoosha kidole tu. Alivaa mikono mirefu hata siku za joto kali. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na watu walimwita Fundi Geti. Jitu la mtu, mcheshi, kicheko chake kinasikika barabarani kabla yeye hajatokea. Geti la shule alilitengeneza bure. Reli ya pazia la jukwaa aliichomelea yeye, kwa nondo. Na panga za mchezo alizikata yeye kwa bati, akakunja makali yote kwa koleo, moja baada ya jingine, ili mtoto asijikate.

Makali alikunja, ili mtoto asijikate. Ndivyo alivyokuwa, mbele za watu.

Mwalimu Kufakufa alimpenda Fundi Geti kama alivyopendwa na kila mtu. Sauti yake ilikuwa besi, madirisha yanatetemeka, na mwalimu alikuwa akimtania kwamba amekosea kazi.

Siku moja mwalimu alifanya lile zoezi lake. Akaanguka, puu, kimya. Watoto wakatimka kama kawaida, wa kichwa kichwani, wa mlango mlangoni. Lakini Nukta hakumkimbilia mwalimu. Alisimama taratibu, akaenda kwenye madirisha, akaanza kuyafunga, moja moja, akihakikisha komeo limeingia. Alipomaliza akakaa chini na kuwatazama wenzake, kama mtu aliyemaliza kazi aliyotumwa.

Mwalimu alikuwa bado amelala sakafuni. Mdogo wake anasema jioni ile alikuja kwake, akakaa kwenye kitanda, hakuvua hata viatu. Akasema tu: "Amefunga madirisha. Sikumfundisha mimi." Mshonaji hakuhitaji kuelezwa zaidi. Walitoka nyumba moja.

Tangu hapo mwalimu alikuwa na shabaha moja, wasikilizaji wapendwa, na nawaomba msiipoteze njiani. Alitaka kumtoa Nukta na mama yake kwenye nyumba ile wakiwa hai.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu. Akaulizwa: Fundi? Huyu aliyetupa geti bure? Alikwenda kituo cha polisi, wakamwambia amlete mama mwenyewe. Alimwendea mama. Mama alikuwa na jicho limevimba, akasema ameteleza bafuni. Mwalimu Kufakufa aliwahi kulisikia neno kuteleza. Hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba siku akichoka kuteleza, mlango wa mshonaji uko wazi, na akamwelekeza njia.

Kwa Nukta alipita njia nyingine. Watoto walipotoka, alimbakiza darasani. Akageuza kiti chake kikatazama ukuta, akampa Nukta mgongo, akamwambia: kuna nyumba ya mfalme, na kuna mtoto kazi yake ni kufunga madirisha. Mimi sikuangalii. Huyo mtoto anaona nini? Akakaa. Siku ya kwanza hakusikia kitu. Aliendelea kukaa hivyo kila siku, uso ukutani, wafagiaji wakipita na kumwona kama kichaa. Mpaka nyuma yake ikatoka sauti, nyembamba, inaimba.

Alimwambia mdogo wake: "Ameimba kila kitu. Mpaka mahali mkanda unapotundikwa."

Mama yake Nukta naye akachoka kuteleza. Alifika kwa mshonaji asubuhi moja akijifanya analeta sketi ya kupunguzwa, akasema yuko tayari, ila hajui atatokaje. Mumewe alikuwa haachi macho. Mchana karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango ukitazama mlango. Jumapili alikuwa nyumbani. Wakitoka, wanatoka wote.

Mwalimu Kufakufa akapata wazo, na wazo hilo ni la mwalimu wa opera, mtu mwingine asingelipata. Shule ilikuwa inaandaa onyesho kwa wazazi. Mchezo ulihusu mfalme aliyefunga kila mlango wa mji wake. Akamwomba Fundi Geti awe mfalme, kwa ile besi yake. Fundi akafurahi mpaka akajichomelea taji mwenyewe. Hesabu ya mwalimu ilikuwa rahisi: mtu akiwa jukwaani na taji kichwani, na watu wote wanamtazama, hawezi kuwa mlangoni. Mama atachepuka katikati ya mchezo, teksi inasubiri nyuma ya ukumbi, nguo zao zimefichwa ndani ya kapu la mavazi. Nukta atafunga madirisha ya jukwaa, yale ya kweli yanayotazama mtaani, ataimba mistari miwili kuhusu upepo, atashukia mlango wa nyuma, na mshonaji atampokea. Mfalme atakuwa bado anaimba.

Wimbo wenyewe, ule wa mkanda, haukuwa kwenye mchezo. Naomba lieleweke hilo, kwa sababu nimesikia watu mtaani wanasema mwalimu alimtafutia mtu ubaya mbele za watu. Hakufanya hivyo. Alimpa mtoto mistari miwili ya upepo.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, wazazi wengine wamesimama ukutani, simu ziko juu. Mwalimu alikuwa malkia. Mfalme aliingia, joho linaburuta, akaimba noti ya kwanza na watu wakapiga mbinja. Mama yake Nukta aliinuka kama anakwenda msalani. Alipita mlangoni, akafika kwenye teksi, akakaa. Mshonaji alibaki kwenye mlango wa nyuma, anamsubiri mtoto.

Nukta akatoka. Akafunga dirisha la kwanza. Akafunga la pili. Akaimba mistari miwili ya upepo, vizuri kabisa. Ilibaki kushuka tu.

Hakushuka. Aligeuka akamtazama mfalme, na akaendelea:

"Nafunga dirisha, mama yuko chini.
Nafunga la pili, pasi bado ya moto.
Mkanda uko nyuma ya mlango wa chumba.
Baba anasema, ongeza redio."

Wazazi walidhani ndiyo opera yenyewe. Mtoto asiyeongea kumbe anaimba! Walipiga makofi katikati ya wimbo. Mshonaji anasema alimtazama dada yake, akimwomba kwa macho amkatishe. Hakumkatisha.

"Nimeshalielewa sasa," mshonaji aliniambia. "Kumkatisha mtoto yule kwake kungekuwa sawa na kuongeza redio."

Na mfalme? Mfalme alisimama. Sheria ya mchezo ilimtaka asimame, na darasa zima lilikuwa limemkodolea macho kuhakikisha hasogei. Alisikiliza kila neno, taji kichwani, upanga wa bati mkononi, jasho linamtiririka. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho mtu yule kusikiliza. Wimbo ulikuwa mrefu. Ulipoisha, ukumbi ulisimama kushangilia.

Akautupa upanga wa bati. Akashika reli ya pazia, ile ile aliyoichomelea kwa mkono wake, akaing'oa ukutani, pazia likaanguka nayo. Akamwendea mtoto. Mwalimu Kufakufa akaingia katikati, mikono imetanuka, na ile nondo ikatua juu ya sikio lake la kushoto. Mfupa ulilia, mshonaji aliusikia kutoka mlangoni. Akampiga tena, taya likakaa upande. Damu iliruka mpaka kwenye viatu vya wazazi wa mstari wa mbele.

Na watu walipiga makofi. Baba mmoja alipaza sauti kwamba hii ndiyo kazi. Mwingine alikuwa anamweleza mwenzake jinsi wanavyotengeneza damu ya bandia. Nimeiona video, wasikilizaji wapendwa, na nina hasira ambayo sitaificha. Watu wazima, wenye akili zao, wanashangilia.

Mwalimu Kufakufa alianguka. Puu. Kimya.

Katikati ya makofi yale sauti moja ya mtoto ikasikika, ya kitoto kabisa, yenye mshangao: "Mwalimu hajaimba."

Wakatimka. Hakuna aliyewaamuru. Wa kichwa wakamshika kichwa, vitambaa vya mavazi vikajaa damu mikononi mwao. Wa mlango wakakimbilia mlangoni wakipiga kelele kama walivyofundishwa. Na waliobaki walimvamia mfalme. Walimng'ang'ania miguu, wakamkwea joho, wakamng'ata. Alimrusha mmoja ukutani, mkono ukavunjika. Alimpiga mwingine teke, akarudi akamshika mguu uleule. Meno ya utotoni yalikutwa baadaye kwenye suruali yake. Alikuwa anataka kumfikia binti yake, na kila hatua aliivuta akiwa na darasa zima la chekechea miguuni. Hakumfikia.

Ndipo makofi yakakatika, mkono mmoja mmoja. Ndipo watu wazima wakapanda jukwaani.

Na Nukta, wakati huo wote? Nukta alikimbilia kwenye madirisha. Lakini safari hii hakuyafunga. Alivuta komeo la kwanza, akasukuma. Akavuta la pili, akasukuma. Akatoa kichwa nje akapiga ukelele mpaka mtaa mzima ukasimama.

Mama yake alikuwa ndani ya teksi. Nilizungumza naye, na ameniruhusu niwasomee maneno yake: "Nilisikia sauti inatoka dirishani. Sikuwahi kuisikia ikiwa kubwa hivyo. Nilijua ni mwanangu, nikarudi mbio, dereva naye nyuma yangu. Polisi waliponiuliza usoni nimefanya nini, sikusema nimeteleza."

Mwalimu Kufakufa alilazwa siku kadhaa, taya limefungwa, macho hayafumbuki. Mshonaji alimpeleka Nukta wodini. Nukta akapanda juu ya kiti, akaimba wimbo wake wote tangu mwanzo, wauguzi wamesimama mlangoni na sinia zao. Mshonaji anasema kidole cha dada yake kilikuwa kinagonga shuka kwa mapigo. Halafu akasema labda si kweli, labda alitaka tu kuona hivyo. Alfajiri yake akafariki.

Alifariki bila kuimba. Na walimkimbilia.

Fundi Geti yuko mikononi mwa sheria, na sheria nitaiacha ifanye kazi yake. Aliyevunjika mkono anaendelea vizuri, na anamwonyesha bandeji kila anayepita. Nukta na mama yake wako mahali salama, na mahali penyewe msiniulize.

Kwa mshonaji, mdogo wake marehemu, tunakupa pole sana, dada. Umebaki peke yako kati ya waliokaa kwenye sebule ile. Kwa watoto wa darasa lake, poleni, na hongereni, maana mlikuwa watu wazima siku ambayo watu wazima hawakuwepo. Kwa wazazi mliopiga makofi, nanyi poleni. Najua hamlali.

Vipindi kama hiki huwa vinamalizika kwa dakika ya ukimya. Leo hapana. Yule mwanamke alipigana na ukimya maisha yake yote, siwezi kumzika nao. Na wala sitapiga muziki, maana sijui uko nyumba gani, wala sijui ni nani hapo jirani ameifungua redio hii, na kwa nini ameiongeza.

Kwa hiyo nakuomba kitu ambacho mtangazaji hapaswi kuomba. Punguza sauti yangu. Inuka, nenda kwenye kitufe, punguza. Kisha fungua dirisha, usikilize upande wa pili wa ukuta. Ukisikia mtu anaimba, mshukuru Mungu. Ukisikia kishindo na hakuna sauti baada yake, usirudi kwenye kiti. Unajua la kufanya, hata watoto wa chekechea wanajua.

Fundi mitambo, nishushe taratibu. Shusha. Shusha tena. Sasa nizime, wasikie.